Dirii Zilizogoma Kuzeeka

Dar es Salaam vitu huzeeka bila kuombwa. Hewa ya chumvi haina huruma: bawaba za mlango, nondo za dirisha, baiskeli iliyolala barazani, vyote huliwa na kutu kabla mwenyewe hajamaliza kulipa deni lake. Kwa hiyo kikundi chetu cha maigizo kilipoamua kucheza Juliasi Kaizari, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, nami nikakabidhiwa mavazi, sikuona ugumu wowote katika agizo la mwongozaji. "Sitaki askari wanaong'aa," alisema. "Hawa wamelala maporini, wamepigana, wanakwenda kufia Philippi. Nataka chuma kilichochoka."

Dirii na chapeo zilitengenezwa Gerezani na fundi bati, bingwa wa majiko, koroboi na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Kazi yake haikuwa na dosari, na balaa lilianzia hapo hapo. Alitumia bati jipya la kuezekea, lile lenye maua maua ya mng'ao. "Haishiki kutu hii, kaka," aliniambia kwa fahari. "Wajukuu zako wataivaa." Vijana walipozijaribu juani, jeshi la Roma lilimeremeta kama sufuria za bibi harusi.

Bati haliogopi kutu kwa sababu limevikwa zinki, na zinki hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kilicho chini yake kipone. Kwa paa, hiyo ni tabia njema. Kwa askari anayekwenda kushindwa vita, ni ukaidi mtupu. Nilizimwagia siki na chumvi, nikazianika uani. Kutu ilikuja kweli, ila kutu ya zinki ni nyeupe. Asubuhi jirani alichungulia juu ya ukuta, akauliza kama mwaka huu tunauza makopa.

Nikamrudia fundi nikitaka atumie moto. Chuma kitupu kikipashwa hugeuka rangi ya majani makavu, kikawa zambarau, kisha buluu. Ukikipaka mafuta kingali cha moto hutoka cheusi cha kupendeza. Ulaya ya karne ya 16 ilijaa dirii nyeusi, na weusi huo ulisaidia kuzuia kutu pia. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka nyundo chini.

"Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na usiku unashikwa na homa. Sisi tukichomelea bati tunakunywa maziwa." Akafikiri kidogo. "Na hayo maziwa yenyewe sijui kama yanasaidia. Halafu, bosi, wewe umenilipa nitengeneze. Kuharibu kuna bei yake."

Nikahamia kwenye rangi nyeusi ya mafuta. Ilikaa vizuri mpaka mazoezini, Cassius alipoketi. Ilimbanduka kifuani vipande vipande, maana rangi ya mafuta na zinki haviivi chungu kimoja.

Ufumbuzi ulitoka kwa mama ntilie anayetulisha mchana. Alinikuta nimekumbatia chapeo huku wali unapoa. "Mwanangu, kote huko unapaka nini? Tazama sufuria yangu." Nikaitazama. Chini na ubavuni masizi matupu. Mdomoni, panaposhikwa kwa kitambaa na kugongwa na mwiko kutwa nzima, pameremeta. Elimu yote ya kuzeesha chuma ilikuwa pale, juu ya mafiga. Weusi hukaa kwenye pembe, kwenye mikunjo na kuzunguka vichwa vya ribiti, mahali mkono usipofika. Panapoguswa kila siku hung'aa. Ukipaka kote sawasawa, utapata dirii iliyopakwa, si iliyozeeka.

Basi nikachukua kiwi nyeusi ya viatu, nikaichanganya na masizi niliyopewa bure na kwa mshangao mkubwa. Nikasugua kwa dole gumba mpaka ikajaa kwenye mibonyeo ya nyundo, kisha nikafuta palipoinuka kwa kitambaa kikavu. Mkanda wa upanga unapopita, nikaacha peupe. Bega linalobeba ngao, vivyo hivyo. Kufikia jioni dirii zilikuwa zimepigana vita vingi kuliko waliozivaa.

Ila kiwi ni nta, na nta haina urafiki na taa za jukwaani, sembuse joto la Desemba. Brutus na Cassius waligombana hemani, wakapatana, na mwongozaji alikuwa amewataka wapatane kwa kukumbatiana. Walipoachana, Cassius alikuwa na shavu moja jeusi. Brutus akajifuta jasho juu ya mdomo, akaota sharubu. Mzimu wa Kaizari ukaingia na shuka lake jeupe, ukaziona, ukasahau maneno. Mwishoni kabisa Antony alimsifu marehemu Brutus kwa uungwana wake huku akitazama dari, na marehemu naye dirii ikimtikisika kwa kicheko.

Pazia liliposhuka, mzee mmoja wa safu ya mbele alitufuata nyuma ya jukwaa. Alitupa pole na hongera, akagusa dirii ya Brutus kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa. "Mmeigiza vizuri, wanangu. Lakini hivi vyuma vimechakaa, vinatia huruma." Akamshikisha mwongozaji noti ya shilingi elfu kumi. "Anzieni hapo, mkanunue bati jipya."

Nikafungua mdomo nieleze. Mwongozaji akanikanyaga mguu, akaipokea kwa mikono miwili.