Mwongozo wa Kumpunja Mdaku wa Pochi

Sogea hapa, ndugu yangu. Leo nakufundisha kupunja: tovuti ya kripto ikitaka uunganishe pochi yako, uipe kidogo kuliko inavyotamani, tena kwa tabasamu. Ni haki yako.

1. Jua unachotoa. Ukibofya kitufe cha kuunganisha, tovuti haipati funguo zako wala haiwezi kuhamisha hata senti. Inapata anwani tu. Lakini kwenye Ethereum anwani inatosha: salio, uliowalipa, saa uliyowalipa, yote yako hadharani tangu muamala wa kwanza. Zamani pochi ya MetaMask iliikabidhi anwani hiyo kwa kila tovuti uliyoifungua. Pendekezo la kuboresha Ethereum la EIP-1102, la mwaka 2018, ndilo lililotaka tovuti zipige hodi kwanza. Basi zikipiga hodi, usikimbilie mlango. Bei za Uniswap, soko la kubadilishana tokeni, unaziona bila kuunganisha chochote.

2. Fungua pochi ya maringo. Najua unapenda kuonekana, nani asiyependa? Chukua jina la ENS, lile linalosomeka badala ya anwani, kama Vitalik Buterin, mwanzilishi mwenza wa Ethereum, na vitalik.eth yake, libandike kwenye wasifu wako, wakusifu. Kwenye pochi hiyo weka hela ya kuonwa. Akiba ikae kwenye anwani ambayo hujamtajia mtu, na ya tatu iwe ya kujaribia tovuti ngeni.

3. Hapa ndipo wengi wanapojimaliza. Wakishatenga anwani zao vizuri, wanatuma hela kutoka moja kwenda nyingine, pengine ya ada tu, na muamala huo mmoja unazifunga pamoja daima. Usithubutu. Pitishia kwenye soko la sarafu, kisha uitoe huko siku nyingine, kwa kiasi tofauti. Soko litakujua, mpita njia hatakujua.

4. Mfiche anwani mwenye seva pia. Pochi haisomi mnyororo wa bloku yenyewe, inauliza seva. Novemba 2022, ConsenSys, wenye MetaMask, waliweka wazi kwamba Infura, seva unayopewa usipochagua nyingine, ilikuwa ikikusanya anwani ya IP pamoja na ya pochi unapotuma muamala. Watumiaji walipokuja juu, kampuni ikaahidi mwezi uliofuata kutozihifadhi zaidi ya siku 7. Kwangu mimi, hata siku moja ni nyingi. Ingia kwenye mipangilio ubadilishe seva, washa VPN, na ukiweza, endesha nodi yako nyumbani.

5. Barua pepe usitoe. Hata kwa sarafu za bure.

6. Ukimaliza, tenganisha, na ufanye hivyo ndani ya pochi yenyewe. La sivyo tovuti itakutambua kila ukirudi. Kisha kagua vibali. Kutenganisha hakufuti ruhusa uliyosaini ya kutumia tokeni zako. Nenda kwenye tovuti ya Revoke.cash, lipa ada ya mtandao, ufute kimoja kimoja, ukianza na vile visivyo na kikomo.