Shangazi, Nimeolewa na Kaunti Mbili

Mimi huuza ndizi Keroka. Asubuhi karani wa Nyamira hunikatia risiti, na kabla jua halijapanda wa Kisii naye hunijia na kitabu chake. Nikimwambia nishalipa, huniambia nililipa upande usio wake. Nimekuwa kama mke wa waume wawili: kila mmoja anataka chakula mezani na hakuna anayeziba paa linalovuja. Takataka za soko zimeshafika miguuni pangu. Nimpigie nani kura 2027 ili Rais atusaidie?
Mke wa Wawili, Keroka

Vipi shangazi? Mheshimiwa wetu wa wadi amebadilika. Kabla ya uchaguzi hakukosa tanga hata moja, tena alilia kutushinda sisi wafiwa. Sasa tunazika na kuzika bila kuona hata kivuli cha bahasha yake. Nifanyeje anirudie?
Aliyeachwa, Bomachoge

Kwako shangazi. Digrii ninayo, kazi sina. Nimesikia kuna nafasi katika kaunti, ila nimeambiwa "nijipange". Baba yuko tayari kuuza ng'ombe na kipande cha shamba. Wenzangu wanasema serikali ya Nairobi ndiyo iliyotumaliza, tungoje mtu wetu aingie Ikulu. Tungoje?
Digrii Kabatini, Nyansiongo

Wanangu, nitawajibu kwa pamoja, maana ugonjwa wenu ni mmoja na dawa sitaikatakata. Kila mmoja wenu anadai kitu cha haki, ila amebisha hodi mlango usio wake. Muuza ndizi anamtafuta Rais kwa sababu ya maganda na maboga yaliyooza sokoni. Mfiwa anamdai diwani hela za jeneza. Kijana anangoja Ikulu imwondolee mlungula unaodaiwa katika ofisi anayoweza kuifikia kwa matatu moja. Kukasirika mna haki. Mtu anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya SHA na asilimia 1.5 nyingine kwa ajili ya nyumba za serikali, kisha akifika hospitalini anaambiwa mtandao umepotea, hahitaji shangazi wa kumfundisha hasira. Ninachowaambia ni kwamba mkiilaani Nairobi kwa kila kitu, mnawapa nafuu wakubwa walio karibu nanyi, wale mnaowapigia vigelegele Jumamosi na kuwasamehe Jumapili.

Tuanze Keroka. Mji ule umekaa juu ya mpaka wa kaunti mbili, na zote mbili zimekuwa zikiugombea kwa sababu una soko, na soko lina ushuru. Sasa someni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Masoko, uzoaji wa taka, barabara za kaunti, zahanati na shule za chekechea ni kazi ya kaunti tangu 2013. Rais, hata awe malaika, hana gari la taka la kuleta Keroka. Ibara ya 209 inairuhusu kaunti kutoza ada kwa huduma inazotoa, na ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa bila sheria. Kwa hiyo karani akikufungulia kitabu chake, usimtukane, yeye ni mwajiriwa kama watoto wako wanavyotamani kuwa. Muulize anatumia Sheria ya Fedha ya mwaka gani iliyopitishwa na bunge la kaunti ipi, na ada hiyo ni ya huduma gani. Kisha itunze risiti. Jina la kaunti liko juu, tarehe iko hapo, kiasi kiko hapo. Risiti mbili za siku moja, za meza moja, kutoka serikali mbili, ni ushahidi ambao wakili yeyote angefurahi kuushika, na wauzaji wa mstari mzima wakikusanya zao za mwezi mmoja, wana malalamiko yasiyoweza kuitwa uvumi.

Mtaambiwa kwamba suala la mpaka ni kongwe, limekuwapo tangu Nyamira imegwe kutoka wilaya ya Kisii, na haliwezi kutatuliwa ila Nairobi. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kubadilisha mpaka wa kaunti kunahitaji, kwa mujibu wa ibara ya 188, pendekezo la tume huru na kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti, na sidhani kama kuna mwenye hamu hiyo. Lakini kuzoa taka hakuhitaji kuhamisha mpaka. Ibara ya 189 inaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja, maana yake Kisii na Nyamira zinaweza kuketi na kukubaliana kuwa na mkusanyaji mmoja, risiti moja na lori moja, kisha zigawane kinachobaki. Jambo hilo likikawia, ni kwa sababu hakuna aliyewahi kukosa kura kwa kutolifanya. Wanasiasa wa pande zote mbili hupata zaidi kwa kuapa kwamba Keroka ni yetu kuliko kwa kuifagia. Na Nyamira, kwa kweli, imekuwa na mengine ya kushughulikia: gavana Amos Nyaribo ameandamwa na hoja za kumng'oa zaidi ya mara moja, na kwa muda bunge lake lilipasuka mapande mawili, moja likijiita Bunge Mashinani na kufanya vikao vyake katika wadi. Kama mabunge yangekuwa ndiyo maendeleo, Nyamira leo ingekuwa Uswisi.

Sasa wewe Aliyeachwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imempa diwani, yaani MCA, kazi ya kuwakilisha watu wa wadi yake, kutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya gavana isifuje. Kununua jeneza hakumo. Nitakufanyia hesabu. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Kisii ilitengewa takriban shilingi bilioni 8.9 za mgao wa kitaifa, na Nyamira takriban bilioni 5.1. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Gawa mwenyewe: Kisii ni kama shilingi 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka, mtoto wa mgongoni akiwemo, na Nyamira ni zaidi ya 8,000. Hata mgao usiongezeke hata senti, katika miaka mitano ya muhula mmoja kila mtu wa Bomachoge ana kama shilingi 35,000 zake mikononi mwa kaunti, na nyumba ya watu watano ina 175,000. Huyo mheshimiwa kazi yake ni kulinda hela hizo. Wewe umempa alama kwa bahasha.

Najua utanijibu kwamba sisi Abagusii hatuzikani kimyakimya, na kiongozi asiyefika matangani si mtu. Na afike. Atie udongo, aimbe na akina mama, ale wimbi na mboga za kienyeji, hakuna anayemkataza. Ubaya unaanza pale umati unapomsikiliza ametoa ngapi, na yule aliyetoa kidogo akaondoka kama mwizi. MCA mwenye matanga matatu kila Jumamosi na harambee ya kanisa kila Jumapili hawezi kuzijaza bahasha hizo kwa mshahara wake. Bahasha ya Jumamosi hujazwa katikati ya wiki, na hujazwa na mwenye zabuni, na mwenye zabuni hurudisha hela yake kwa barabara ya changarawe inayosombwa na mvua ya kwanza. Gavana naye akitaka bajeti ipite bila maswali, anajua mahali pa kumshika diwani aliyefilisika kwa kuzika.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wale wanaosema kaunti haina kosa, Hazina ya Kitaifa ndiyo inayochelewesha hela. Kweli huchelewesha, tena kaunti zimewahi kukaa miezi bila mgao, wauguzi wakagoma na wenye maduka ya dawa wakakataa kukopesha. Hilo ni la Nairobi na lipelekwe Nairobi. Ila kuchelewa kwa hela hakuelezi zinakokwenda zikishafika. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni zake za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kisii na Nyamira ni kati ya kaunti nyingi ambazo zimekuwa zikiuruka mstari huo wa mishahara kwa mbali. Watu wengi namna hiyo waliingiaje kazini, ilhali kijana wa Nyansiongo mwenye digrii yuko nje ya lango?

Waliingiaje, tulidokezewa Februari 2024, bunge la kaunti ya Kisii lilipomtimua naibu gavana Robert Monda. Moja ya mashtaka lilikuwa kwamba alipokea shilingi 800,000 ili kumtafutia mtu kazi katika kampuni ya maji ya Gusii. Mwenyewe alikana. Seneti ilimsikiliza, na Machi ikaidhinisha aondolewe. Wapo waliosema zile zilikuwa siasa tu, kwa sababu yeye na gavana Simba Arati walikuwa wamekosana. Mimi sikatai kwamba walikuwa wamekosana. Lakini hilo linanitia hofu zaidi badala ya kunituliza, kwa sababu linaonyesha kwamba jambo kama hili hufika mezani wakubwa wanapogombana tu. Wakipatana, anayejua ni baba aliyeuza ng'ombe.

Kuhusu kumngoja mtu wetu, historia haijatunyima watu. Lawrence Sagini alikuwa katika baraza la mawaziri la Jomo Kenyatta tangu mwanzo. Zachary Onyonka alikuwa waziri kwa miaka na miaka. Simeon Nyachae alikuwa Katibu Mkuu wa serikali ya Moi, kisha Waziri wa Fedha, na 2002 aliwania urais kwa tiketi ya Ford People, Gusii ikamfuata karibu kama mtu mmoja, akamaliza wa tatu. Fred Matiang'i, mwana wa Nyamira, alishika Elimu, kisha Usalama wa Ndani hadi 2022, na tangu 2019 alikuwa akiongoza kamati ya mawaziri wenzake. Sasa anautaka urais wenyewe. Mpigieni kura mkitaka, shangazi hana kadi ya chama. Sisemi watu hao hawakuleta kitu, maana barabara kuu za lami na hata chuo kikuu cha Kisii kilichopata hati yake 2013 havikushuka na mvua. Nasema kwamba hata mtu wetu akiapishwa kesho, taka za Keroka bado zitakuwa za kaunti, na yule mtu wa "jipange" bado atakuwa kwenye kiti chake, huenda akisherehekea kwamba sasa ana ndugu Ikulu.

Msije mkasema shangazi amemkinga Rais. Kumwambia mtu kosa lake hasa ni kumbana zaidi kuliko kumlaumu kwa mvua na kwa jua. Juni 2024 vijana, wa mji wa Kisii wakiwemo, hawakuandamana dhidi ya maisha magumu kwa jumla. Walichukua mswada mmoja wa fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama zao, na wakajua ni wabunge gani wangeupigia kura. Wengi waliuawa, na gharama hiyo haifai kupambwa. Lakini mswada uliopita bungeni tarehe 25 Rais alikataa kuutia sahihi tarehe 26. Miaka ya manung'uniko ya jumla haikuwahi kupata jibu la siku moja.

Kwa hiyo, Digrii Kabatini, usimngoje mtu, na mwambie baba asiuze chochote. Katika kaunti yenye watu zaidi ya 670 kwa kila kilomita ya mraba, kipande cha shamba kikiuzwa hakirudi, na Sheria ya Hongo ya 2016 humtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Andika barua kwa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, uulize nafasi hizo zilitangazwa lini, waliitwa wangapi kwenye mahojiano na walichujwa kwa vigezo gani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na inawapa siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, mlalamikie Ombudsman. Aliyekuambia ujipange, mpeleke kwa tume ya kupambana na ufisadi, EACC, ukiwa na ujumbe wake kwenye simu, si kwa mdomo mtupu. Mke wa Wawili, peleka risiti zako na za wenzako kama ombi rasmi kwa mabunge yote mawili, siku moja, barua moja, kabla ya Aprili 30, wakati mapendekezo ya bajeti yanapofikishwa huko.

Na wewe Aliyeachwa, sina dawa ya kumrudisha, wala huihitaji, maana Agosti 2027 atarudi mwenyewe. Mpe kiti, mpe chai, halafu umwombe akueleze zahanati ya kwenu ilitengewa ngapi mwaka huu na dawa ziko wapi. Akikupa bahasha badala ya jibu, hesabu kilichomo, kitoe kwenye shilingi 35,000 zako, na umwandikie salio.