Jani la Mgomba Lenye Viza

Tumpongeze jirani yetu wa Kibuli, Kampala, anayepanga safari fupi ya Assam, India, kwenda kujifunza mapishi na utamaduni. Atakula samaki aliyefungwa kwenye jani la mgomba; luwombo ya mama lishe pale chini ya msikiti, nayo ya jani la mgomba, haihesabiki, jani lake halijawahi kupanda ndege. Ataonja khar, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya ndizi. Majivu anayochuja bibi yake kijijini ili kulainisha maharage, huo ni umaskini tu. Chai nayo ataisifia huko huko, maana ya Fort Portal huinywa amekunja uso. Michango ya nauli inapokelewa. Tusimwangushe, jamani: Entebbe hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Guwahati, huko Assam.