Mhadhara wa Mbobezi wa Upekuzi, Mwaloni Kirumba, Mwanza

Mabibi na mabwana, wauza dagaa, na ninyi mnaosubiri boti ya Ukerewe, tulieni. Aliyesimama mbele yenu ni mbobezi wa upekuzi. Sikusema mpekuzi, mpekuzi hujificha. Mimi fani hii nimeitafiti miaka 11, tangu jina langu lipelekwe kufanyiwa upekuzi kwa nafasi moja nyeti serikalini. Majibu hayajarudi. Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi najua kwamba faili zito husomwa taratibu. Suti hii, kabla sijasahau, niliishonesha Makoroboi kwa ajili ya kiapo.

Somo letu ni ndugu walioko nje. Utaulizwa ulizaliwa wapi, wazazi walizaliwa wapi, babu na bibi je. Kisha watu watafika mtaani kwenu kimyakimya, wanywe chai kwa balozi wa nyumba kumi, wamsikilize na yule jirani mliyegombea mpaka wa kiwanja. Hapo ndipo mwenye shangazi ng'ambo hukwama, na mimi naafiki kabisa. Nchi itamwaminije mtu ambaye misiba ya kwao inataka pasipoti?

Mchukueni Jenerali Ulimwengu. Mwanahabari, aliwahi kuwa mkuu wa wilaya, kisha mbunge. Februari 2001 serikali ikatangaza kwamba si raia, hoja ikiwa uzazi wake. Akatajwa pamoja naye Timothy Bandora, balozi wetu Nigeria. Balozi! Mnaona upekuzi ulivyo makini? Nani huyo anauliza upekuzi ulikuwa wapi walipopewa vyeo? Maswali yaandikwe kwenye karatasi, yaletwe na shilingi 500 ya uratibu.

Turudi kwangu, maana mimi ndiye mfano safi. Babu yangu ni wa Shirati, Rorya, Mtanzania wa kufa na kuzikwa. Bibi alitoka Muhuru, upande wa Kenya, hapo tu, unapiga kasia asubuhi na kurudi ugali haujapoa. Kosa si lake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara hadi ukingo wa ziwa, digrii 1 kusini mwa ikweta. Mwaka 1890 wakauburuta mstari huohuo hadi ng'ambo ya pili, juu ya maji. Ukoo wa bibi ulilala ndugu, ukaamka wageni. Sangara hakujulishwa hadi leo: anazaliwa Kenya, anakaangwa Kirumba, na hakuna anayemuuliza babu yake. Lakini bibi hahesabiki kuwa mtu wa nje, kwa sababu ni bibi yangu. Kanuni hiyo nimeitunga mwenyewe, na inasubiri kupitishwa.

La mwisho: jinsi ya kumtambua mpekuzi. Mpole. Ataagiza soda asiinywe. Hatacheka hata pale wenye akili wanapocheka. Kila mkitaja ukoo, ataandika.

Wewe kijana wa kofia, mbona soda yako imeshapata joto? Unaandika nini hapo? Muhuru? Nilisema Musoma! Upepo wa ziwa huu unakula herufi. Na kama umeandika kwamba nina shangazi huko, ongeza neno: marehemu. Alishatangulia, Mungu amrehemu.

Mama Neema, simu yangu inaita hapo mezani. Inaanza na 254? Pokea wewe, mama, mwambie shangazi sipo.