Kuku wa Mwisho wa Mwezi

Ofisini kwetu kalamu ya wino unaipata kwa kujaza fomu na kusubiri saini ya mtu aliye likizo. Mchele wa Kyela, gunia zima, unaletewa mezani kabla ya saa nne asubuhi. Dada wa uhasibu ana vitenge kwenye droo ya chini, ameviwekea mafaili ya ukaguzi juu yake ili visichafuke. Dereva analeta samaki wa Feri kila Ijumaa, na gari la ofisi siku hiyo linanukia namna ambayo haijawahi kuandikwa kwenye ripoti yoyote. Mlinzi wa getini ni dalali wa vyumba kuanzia Sinza hadi Kimara. Mgeni wa mkurugenzi huulizwa kwanza kama hahitaji chumba na sebule, choo cha ndani, maji hayakatiki. Afisa rasilimali watu, yuleyule anayetusomea kanuni za mgongano wa maslahi kila Januari, anauza viwanja Kigamboni. Vimepimwa, vina hati, na mkikubaliana kulipana kidogo kidogo hana haja ya kukuuliza mshahara unaingia lini.

Watu hawa ndio wanaokaa pamoja saa saba mchana, wali maharage mbele yao, wakijadili kwa uchungu kama waendelee na ajira au wajiajiri. Nami nakaa nao, na sauti yangu iko juu kuliko ya wengine kwa sababu nina kuku.

Anayeliuliza swali hili kana kwamba amesimama njia panda hakulelewa Dar es Salaam miaka ya themanini. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa au nyumba za kupangisha. Baba yangu hakuwa kiongozi. Alikuwa karani wa serikali, na katazo la mishahara miwili lilimchekesha, kwa kuwa huo mmoja wenyewe hakuwahi kuuona ukifika tarehe kumi. Mama alikaanga maandazi alfajiri. Uani tulikuwa na kuku wa mayai, na mimi ndiye niliyekuwa afisa usafi wao.

Kisha mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi. Mjini watu walisimamishwa waonyeshe kitambulisho cha kazi, na asiyekuwa na kazi inayotambulika alikuwa hatarini kusafirishwa kwenda kulima kijijini. Baba alikiweka chake kwenye mfuko wa shati, hata siku za Jumapili, hata akiwa hana shati la kazi. Kwa macho ya askari, mama aliyetulisha alikuwa mzururaji, na baba aliyekopa nauli kwake ndiye mfanyakazi. Kitambulisho kilimwokoa na lori, maandazi na kuku vikatuokoa na njaa, na katika nyumba ile sikumbuki mtu yeyote akisema sasa lazima tuchague kimoja.

Desemba 2018 Rais Magufuli akaleta vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni nne kwa mwaka. Mama alikinunua mapema. Maandazi alikuwa ameshayaacha kwa ajili ya magoti, lakini alikitundika ukutani pembeni ya picha ya harusi, upande wa baba, ili akitazame vizuri.

Kwa malezi hayo nilipaswa kuwa na kinga dhidi ya semina. Sikuwa nayo. Rafiki alinitumia tangazo: ukumbi wa hoteli, mwalimu wa mafanikio, kiingilio kulipwa mapema. Ilikuwa Jumatano, siku ya kazi, kwa hiyo niliomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki. Nilipoingia ukumbini kulikuwa na kiti kimoja wazi katikati ya safu, nikajipenyeza hadi pale, nikakaa, nikageuka. Pembeni yangu alikuwa meneja wetu, ambaye kwa taarifa za ofisi alikuwa kikaoni Dodoma.

“Shikamoo, bosi.”

“Marahaba. Mtoto hajambo?”

“Hajambo. Dodoma kukoje?”

“Jua kali.”

Tukatazama mbele. Mwalimu alikuwa anasema ajira ni utumwa, na kwamba hakuna aliyewahi kutajirika kwa mshahara. Watu walipiga makofi kwa mikono iliyolipa kiingilio kutoka kwenye mshahara. Nikajaribu kukisia ukumbi ungebaki na nani kama mafundisho yale yangefuatwa: mwalimu, fundi mitambo na wahudumu wa chai. Kisha mwalimu akatuamuru kila mtu amgeukie jirani yake, amshike bega, amwambie kwa sauti: “Kesho andika barua ya kuacha kazi!”

Meneja wangu alinishika bega akaniambia maneno hayo akinitazama machoni. Mpaka leo sijui kama alikuwa anafuata maelekezo ya semina. Nami nilimwambia yeye, ila kwa heshima, nikaongeza “bosi” mwishoni.

Barua haikuandikwa na yeyote kati yetu. Badala yake niliagiza vifaranga.

Wasiofuga huona kifaranga wa siku moja ni kitu kidogo. Ni kidogo, lakini kinakuja kwenye boksi la mia moja, na wakala anapiga simu saa anayotaka yeye. Alinipigia saa tano asubuhi, siku ambayo wakaguzi wa hesabu kutoka nje walikuwa ofisini. Banda langu liko Goba. Kutoka Posta kwenda Goba na kurudi mchana, hiyo ni safari ya kuombea siku nyingine ya likizo, na mtoto wangu alikuwa ameshakwenda kliniki mara nyingi mno. Basi maboksi yakaingia kwa mlango wa nyuma, yakawekwa chini ya meza ya dada wa uhasibu, karibu na vitenge.

Njaa haikuwa tatizo. Kifaranga aliyetoka kuanguliwa anabeba masalio ya kiini cha yai tumboni, anaweza kuvumilia siku mbili bila kula. Tatizo ni baridi. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na kiyoyozi chetu kilikuwa kwenye 18. Kifaranga aliyeridhika hunong’ona. Anayesikia baridi hupiga kelele, na mia mbili wakipiga kelele pamoja huwezi kusema ni simu ya mtu. Mhudumu wa ofisi, mtu mwenye akili kuliko cheo chake, akazima kiyoyozi. Nusu saa baadaye vifaranga walikuwa wametulia na wakaguzi wamevua makoti. Mmoja alikuwa anajipepea na daftari letu la stakabadhi, ambalo kwa kweli halikuwa na kazi nyingine ya maana.

Mkaguzi mkuu, mzee mwenye miwani, akasimamisha kalamu.

“Hiyo ni sauti ya nini?”

“Printa, mzee,” akasema dada wa uhasibu.

Mzee akasikiliza tena, kichwa upande. “Printa hiyo imetoka mbali,” akasema. “Ikifika nyumbani ipeni maji yenye glukosi kabla ya chakula. Na chanjo ya kideri siku ya saba, msisahau.” Akarudi kwenye hesabu zetu. Wakati wa kuondoka aliniomba namba ya wakala.

Kuanzia hapo mambo yalikuwa ya kawaida, yaani mabaya. Umeme ulikatika usiku wa kwanza, nikalala bandani nikipuliza jiko la mkaa kwa shati la kazi. Siku ya 14 ni chanjo ya Gumboro, ambayo haiwezi kungoja kikao cha bajeti. Kuku wa nyama mmoja hula kilo tatu na nusu hivi hadi wiki ya tano, kwa hiyo mia moja wanamaliza mifuko saba ya kilo 50, na chakula peke yake kinabeba karibu theluthi mbili ya gharama zote. Mke wangu alianza kuuita “mradi wako”. Wiki ya mauzo ukageuka “mradi wetu”, na baada ya mahesabu ukarudi kuwa wangu.

Kundi lile lilikomaa tarehe 14 ya mwezi, na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mwalimu wa semina hakukisema, pengine kwa sababu hafugi. Tarehe 14 mjini hapa hakuna anayekula kuku. Watu wanakusifia kuku wako, wanawapiga picha, wanakwambia “niwekee watano, nachukua mwisho wa mwezi”. Kuku aliyekomaa hajui mwisho wa mwezi. Anakula gramu 150 na zaidi kwa siku, faida yako inapita kooni mwake, naye anakutazama bila aibu. Wateja wangu wote, niliowadhania kuwa soko, walikuwa mshahara wa watu wengine ukiwa safarini.

Tangu siku hiyo naingiza vifaranga tarehe 20. Siku 35 baadaye tunakuwa kwenye tarehe 24 au 25, mishahara imeingia, na kuku mia wanaondoka kabla mlinzi hajamaliza kuwatangaza kwa wapangaji wake. Utaalamu wangu wote wa biashara ndio huo, na nimeupata kwa kuwa mwajiriwa.

Benki nayo inalijua hili. Nilipeleka daftari langu la mauzo, limeandikwa vizuri, hadi vifo vimepigiwa mstari mwekundu. Kijana wa mikopo alilifungua kwa upole anaotumia mtu akionyeshwa picha za mtoto wa mwenzake, akalifunga, akauliza: “Mzee, una mwajiri?” Nilipotoa hati ya mshahara uso wake ulichangamka. Mkopo ulipita upesi. Penye dhumuni alinishauri niandike matumizi binafsi, kwani ufugaji una hatari zake.

Kuna jamaa yangu aliyethubutu kweli. Aliacha kazi, akaenda BRELA, akachukua TIN na leseni, akanunua mashine ya EFD, akafungua kampuni ya usafi wa maofisi. Namheshimu, na kampuni yake inafanya kazi nzuri. Ila nakutana naye mara nyingi mapokezini kwetu, amekaa na bahasha ya ankara ya miezi mitatu iliyopita, akisubiri mtu wa malipo arudi kutoka chakula cha mchana. Mimi nina bosi mmoja anayejifanya yuko Dodoma. Yeye ana bosi katika kila jengo alilosafisha, na wote wako Dodoma. Wafanyakazi wake wanalipwa kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Mmiliki analipwa kinachobaki. Juzi aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna nafasi idara ya ununuzi.

Kwa hiyo vijana wanaonijia na swali la ajira au biashara nawapa hesabu ya kalenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kuku anataka siku 35. Ukiingiza vifaranga na barua ya kuacha kazi siku moja, notisi inakwisha kuku wakiwa na wiki nne, wakati ule hasa wanapomaliza mfuko kwa kasi ya kutisha, na mshahara wa kununulia mfuko huo haupo tena. Fao la kukosa ajira nalo usilihesabu, maana aliyeacha kazi kwa hiari yake halimhusu. Atakayeniambia ana ujasiri wa kuzivuka siku hizo saba nitampigia makofi, kisha nitamuuliza mke wake ameajiriwa wapi.

Kundi lililoko bandani sasa litakuwa tayari tarehe 25. Agizo liwekwe mapema, kwa mlinzi au kwa dada wa uhasibu, na malipo ni taslimu au kwa simu kuku akiwa bado mkononi mwangu. Wa “nitakutumia jioni” waagize kwa meneja; siku hizi naye ana banda.