Jinsi ya Kukuza Duka la Viungo Bila Kusumbuliwa na Viungo

Una duka. Lina iliki ya Amani, mdalasini wa Morogoro, karafuu za Pemba, asali ya Tabora na gunia la mchele ambalo kila mtu amekubali kuliita la Kyela. Wateja wanakuja, wanalipa, wanarudi. Yaani, ndugu yangu, uko pabaya. Nje ya mtaa wako wa Kariakoo hakuna anayekujua, na shemeji yako bado anawaambia watu kwenye vikao vya harusi kwamba wewe "unauzauza vitu." Dawa ya hayo ni teknolojia na mkakati. Vyote nimekupangia hapa hatua kwa hatua, na hakuna hata kimoja kitakacholazimu pua yako kufanya kazi.

Hatua ya kwanza: acha kuwa na duka

Kuanzia leo una brandi. Jina la mama yako lililoandikwa kwa rangi ya mafuta juu ya mlango lifute, tafuta jina la Kiingereza ambalo mama mwenyewe hawezi kulitamka, halafu tengeneza nembo. Nembo ni jani. Hata kama unauza chumvi, weka jani.

Kisha vifungashio. Nunua bahasha za kaki zenye kidirisha. Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea: iliki ikiwa nzima ndani ya ganda lake hukaa na harufu muda mrefu, lakini ukishaisaga, mafuta yanayobeba ile harufu huanza kupotea siku hiyohiyo. Kwa hiyo saga yote. Saga ya miezi sita kwa mpigo mmoja, jaza bahasha, zipange dirishani jua la saa nane lizipige sawasawa. Hapo ndipo zinapotoka vizuri kwenye picha. Mteja akirudi kulalamika kwamba haina harufu, mtazame kwa huruma, umwambie hii ni ya asili, haijaongezwa kitu.

Hatua ya pili: ficha bei

Fungua ukurasa Instagram. Chini ya kila picha andika "Bei njoo inboksi." Wapo watakaokushauri uweke bei hadharani ili mtu aione, apime mfuko wake, alipe, mambo yaishe. Washauri wa aina hiyo utawakuta wamekaa kwenye maduka yenye wateja wengi, wamechoka, hawana hata muda wa kupiga picha.

Mtu akiuliza chini ya picha ya mdalasini, "Bei gani?", jibu, "Inboksi mpenzi." Akija inboksi usimpe bei. Muulize anataka kiasi gani. Akisema robo kilo, muulize yuko wapi. Akisema Mbezi Beach, bei ni moja. Akisema Mbagala, bei ni nyingine. Akikuita "dear," ongeza elfu mbili. Muda wote huo unachapa kwa kidole gumba, na mama mmoja amesimama kaunta na noti ya elfu kumi mkononi, anakohoa. Mwache akohoe. Huyo ameshafika, soko ni yule ambaye hajafika.

Wafuasi nunua. Wengi watakuwa na majina yasiyo na irabu hata moja, na hawatanunua pilipili manga mpaka kiama, ila shemeji hatakaa kuwakagua mmoja mmoja.

Halafu mtumie staa kikapu. Atakifungua mbele ya kamera, iliki ataiita karafuu, atalamba kidole, atasema wallahi ni tamu. Usimsahihishe, umeshamlipa.

Hatua ya tatu: funga mfumo, kisha jilinde nao

Bakodi ya kwanza dukani ilisomwa Juni 26, 1974, kwenye supamaketi moja mjini Troy, Ohio, Marekani. Bidhaa yenyewe ilikuwa paketi ya bigijii. Tangu siku hiyo mashine za kusoma bakodi zina tabia moja ambayo wanaoziuza hawakwambii: ukizitumia inavyotakiwa, zinasema kweli. Zitakuonyesha kwamba zafarani uliyoagiza mwaka juzi kwa mbwembwe ipo palepale, kwamba vanila ya Kagera ananunua Mzungu mmoja kila Krismasi, na kwamba kinacholipa pango, umeme na ada ya mtoto ni binzari, tangawizi kavu na mchanganyiko wa pilau. Taarifa kama hizo huua ndoto za mtu.

Nunua mfumo wa mashine hizo, uweke kaunta, skrini itazame mlangoni. Kisha mfundishe kijana wa dukani njia ya mkato: kila kinachouzwa akipige chini ya kitufe kimoja, "Viungo vinginevyo." Hatafuti jina, hakosei, foleni inakwenda. Mwisho wa mwezi ripoti itatoka na rangi zake na michoro yake, ikithibitisha kwamba bidhaa inayoongoza kwa mauzo dukani kwako ni Viungo vinginevyo. Sasa unajua. Agiza zaidi.

Bakodi zako mwenyewe nazo zitafute. Zinazosajiliwa Tanzania huanza na 620, na wateja wengi huamini kwamba namba hiyo maana yake bidhaa imezaliwa hapa nchini. Kwa kweli inaonyesha tu kampuni ilisajili wapi namba zake. Mdalasini ulioshuka bandarini wiki iliyopita unaweza kuibeba bila aibu yoyote, na wewe nani umwambie mtu asiipende nchi yake?

Kuhusu EFD, ile mashine ya risiti za kodi, lile swali la "na risiti au bila risiti?" unalijua kuliko mimi.

Hatua ya nne: mizani ya kisasa

Nunua mizani ya kidijitali yenye uso mmoja. Ugeuze kwako. Wakala wa Vipimo wakija kukagua na kubandika stika yao, stika iwe upande wa mteja, namba ziwe upande wako. Kila mmoja atakuwa amepata cha kutazama. Feni iwashe juu yake, joto la Dar mnalijua wote. Na kila kitu kipime pamoja na bahasha yake. Kaki nene ina gramu zake: kwenye mchele si kitu, kwenye iliki ni chakula chako cha mchana.

Hatua ya tano: bidhaa za heshima

Duka la viungo adimu lisilo na zafarani ni genge. Lakini zafarani ni ghali kwa sababu za kijinga kabisa. Ua moja lina nyuzi tatu tu, zinachumwa kwa mkono, na kilo moja inataka maua kama laki moja na nusu. Sehemu kubwa ya zafarani ya dunia inatoka Iran, na wachumaji wa huko hawajawahi kusikia shida zako za pango. Ndiyo maana kuna kartamu: ua rahisi, nyuzi zake nyekundu, bei yake ya kirafiki. Ikiongezwa rangi kidogo, picha haitazitofautisha.

Tatizo ni bibi mmoja wa Zanzibar. Kila duka linaye. Anakuja, anaomba kikombe cha maji ya uvuguvugu, anatia nyuzi mbili, anakaa. Zafarani ya kweli huachia rangi polepole, maji yanageuka njano ya dhahabu, uzi wenyewe unabaki mwekundu. Ya bandia humwaga wekundu papo hapo na uzi unabaki umekwajuka. Bibi anasubiri, hasemi, anakutazama. Huwezi kumshinda bibi kaunta, kwa hiyo mkimbie mtandaoni. Piga video ya jaribio hilohilo, kwa hiyohiyo kartamu yako. Maji yakiwa mekundu ndani ya sekunde tatu, andika juu yake kwa herufi kubwa: "ONA RANGI INAVYOTOKA! ORIJINO!" Watu laki moja watajifunza kupima zafarani kinyumenyume, na siku mshindani wako akiwaletea ya kweli watamrudishia.

Asali ni nyepesi zaidi. Ikiganda, wateja watasema umetia sukari. Ukweli ni kwamba asali nyingi halisi huganda yenyewe, na kuganda si ushahidi wa sukari. Ungeweza kuwaeleza hivyo; ni maelezo ya dakika mbili na pengine ungejipatia mteja wa kudumu. Ichemshe.

Hatua ya sita: kusanya watu

Kila namba ya simu iliyowahi kupita kwenye oda zako iingize kwenye kundi la WhatsApp. Usiombe ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazungumzia ridhaa, lakini wewe una nia njema na iliki ya ofa. Tuma ujumbe saa kumi na moja alfajiri. Hadi saa mbili asubuhi watakuwa wameondoka thelathini, mmoja ametangaza msiba, mwingine ameanza kuuza vitenge. Hiyo inaitwa jamii ya wateja.

Kuandika usijisumbue, akili mnemba ipo. Iambie ikuandikie faida za karafuu, itakuletea orodha inayoanzia jino na kuishia kwenye ndoa. Jino ni kweli: mafuta ya karafuu yana eugenoli, na madaktari wa meno wameitumia miaka na miaka. Hiyo moja ya kweli iweke juu, ivute nyingine zote. Ukiulizwa, utasema ni utafiti.

Usafirishaji andika "tunatuma mikoa yote." Maana yake utampa kondakta kifurushi stendi ya Mbezi na namba ya simu. Ndani ya Dar kuna bodaboda, na hapo teknolojia inafika mwisho wake, kwa sababu ramani ya simu inasema mteja anakaa katikati ya Bahari ya Hindi, naye anasema anakaa baada ya mwembe, kushoto, ulizia kwa fundi cherehani. Boda akipotea, mpe namba ya mteja. Mteja akikupigia, mpe namba ya boda. Waache wafahamiane.

Hatua ya saba: panuka kabla hawajajua

Mkakati, kwa lugha nyepesi, ni kufungua tawi kwa hela ya mtu mwingine. Mtu mwingine huyo ni mkulima au mchuuzi wa jumla aliyekupa mali kauli akiamini utauza, utamlipa, atakuletea nyingine. Usimlipe. Hela yake ni vigae vya duka jipya la Masaki, pamoja na ile taa ya kamba inayoning'inia.

Waoga watakukumbusha ile kampuni ya supamaketi, Nakumatt. Ni kweli, ilianza kwa kuuza magodoro Nakuru, ikafika matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ikawa na nembo ya tembo na kadi za kukusanyia pointi. Ni kweli pia kwamba kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu kwa sababu waliosambaza bidhaa walikuwa wanadai mabilioni, na Januari 2020 wadai wenyewe wakapiga kura ya kuifunga. Lakini tazama upande mzuri. Wewe una jani, huna tembo, kwa hiyo kuanguka kwako hakutakuwa na kishindo kikubwa.

Rafu za Masaki zikianza kuonyesha mgongo, sogeza bidhaa mbele, acha nafasi pana katikati ya chupa moja na nyingine. Wateja wa kule wanaiita mitindo. Mwenye mali kauli akipiga simu, usipokee. Mtumie sauti ya WhatsApp ya dakika nne, umsalimie watoto mmoja mmoja kwa majina.

Hatua ya nane: ondoka ukiwa umenyooka

Siku mwenye nyumba akija na kufuli, usilie mbele yake. Bandika mlangoni karatasi iliyochapwa vizuri, yenye jani: "Ndugu wateja, katika kuendana na kasi ya teknolojia, sasa tunapatikana mtandaoni pekee." Hakuna atakayesema umefunga. Shemeji mwenyewe atakupongeza, na huenda akakuomba umshauri.

Mtandaoni nako usikae sana, maana ukurasa ni mali. Wenye wafuasi wengi hununuliwa, na mnunuzi hajali walikuwa wafuasi wa nini. Wako pengine utachukuliwa na dada wa mawigi. Bibi wa Zanzibar ataamka asubuhi moja akute anafuata nywele za Brazili, hajui zimeingiaje. Kabla hujamkabidhi dada nywila, futa kwanza zile picha za mdalasini, na hasa maoni ya watu wanaouliza mzigo wao uko wapi. Akiyaona atataka kupunguziwa bei.