Ombi la Kuokotwa Stejini Matasia

Kwa Mheshimiwa Mwenye Muhuri,
Ofisi ya Kuamua Nani ni Nani,
Nairobi.

KUH: OMBI LA KUOKOTWA

Mwombaji ni seremala wa miaka 46. Karakana yake iko Matasia, kando ya barabara itokayo Ngong kwenda Kiserian, jirani na kibanda cha chapati ambacho msafara wa Mheshimiwa ukipita hufunikwa na vumbi, kwa hivyo hatalaumiwa kwa kutokiona. Watu wengi wa hapo hulalia vitanda vyake. Wakiwa na wageni, wageni hulalia makochi yake.

Shida yake Mheshimiwa anaijua kuliko yeye, basi haitaelezwa kirefu. Alizaliwa Kericho mwaka 1979, katika nyumba za wachuma majani chai, ambako babu yake aliletwa kutoka Rwanda enzi za Mwingereza. Hana kitambulisho. Kila alipokwenda kukiomba, katika ofisi ambayo kwa adabu haitatajwa, aliketishwa mbele ya wazee wa kumpiga msasa, na swali lilikuwa lile lile: kitambulisho cha babu kiko wapi? Babu alikwisha fariki. Haya, alete cha nyanya.

Cha nyanya! Mheshimiwa aliye na wasomi wengi ofisini kwake anajua kwamba nchi hii haikuwa ikiwasajili wanawake kwa vitambulisho hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1978. Nyanya alizikwa kabla ya hapo. Kwa hivyo mjukuu anadaiwa karatasi ambayo serikali yenyewe ilimnyima marehemu alipokuwa hai, na anayeidai ni serikali hiyo hiyo, kwa uso mkavu, huku ikimwambia arudi wiki ijayo. Wanaume wa kizazi cha babu, hao walikuwa na karatasi tele. Walivalishwa kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mzungu alipokuwa akimtundikia mtu kikopo hicho hakumuuliza babu yake ni nani. Alitaka mikono tu. Inauma kuona kwamba mkoloni, mwizi wa mashamba, alimtambua mtu huyu upesi kuliko jamhuri iliyopigania uhuru kwa jina lake.

Mwombaji anaomba radhi kwa sentensi hiyo ya mwisho. Aendelee.

Wala hasemi kwamba Mheshimiwa ni mchoyo. Oktoba 2016 Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya Pwani, waliondoka Kwale wakaandamana mpaka Ikulu, Nairobi. Wakaahidiwa vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na wakahesabiwa kabila la 43. Mwaka uliofuata Wakenya wa asili ya Kihindi wakawa la 44. Sikukuu ya Jamhuri ya mwaka 2020, Washona 1,670 wakatangaziwa uraia. Hao walikuwa wameishi Kiambu tangu wazazi wao waje kuhubiri injili kutoka Rhodesia, wakisuka vikapu na kusubiri. Julai 2023 ikawa zamu ya Wapemba, wavuvi wa Kilifi na Kwale, ambao wamekula samaki wa bahari hii miaka mingi wakitoroka doria. Kila mara makofi yalipigwa, kamera zikamulika, wazee wakalia. Mwombaji naye alipiga makofi, mbele ya televisheni ya kibandani.

Siku ile ya Jamhuri ya mwaka 2020 walikuwemo pia watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Mwombaji hakuwa miongoni mwao. Orodha ilipokuwa ikiandikwa yeye alikuwa Matasia anapiga randa, na hakuna aliyempigia simu, kwa kuwa laini yake imesajiliwa kwa jina la mkewe. Hilo la laini ni aibu ya kila siku. Mteja akilipia kitanda kwa M-Pesa huona jina la mwanamke, akashtuka, akakaza simu na kuuliza: "Fundi, ni wewe kweli ama nimetapeliwa?" Mtu mzima, mwenye msumeno mkononi na vumbi la mbao kichwani, anaanza kueleza yeye ni nani. Anaeleza kwa mteja, anaeleza kwa askari wa doria jioni karibu na steji (ambaye maelezo kwake yana bei), na akifika kwa Mheshimiwa anaambiwa maelezo hayatoshi.

Sheria ya mwaka 2011 nayo ilifungua dirisha. Watu wasio na nchi walioishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, pamoja na wazao wao, wangeweza kuomba. Dirisha lilikaa wazi miaka 5, likaongezewa 3. Ila aliyetaka kupita humo alipaswa kuonyesha kwamba alikuwepo mwaka 1963, na njia ya kuonyesha, kama kawaida ya ofisi, ni makaratasi. Ndoa nayo ni mlango. Katiba inamruhusu aliyefunga ndoa na raia aombe uraia baada ya miaka 7. Mkewe mwombaji ni raia, mzaliwa wa Machakos, na wameishi pamoja zaidi ya hiyo miaka. Lakini kwa msajili wa ndoa jambo la kwanza kuulizwa ni kitambulisho, na ndoa yao imebaki ya wazee na mbuzi.

Baada ya kugonga milango hiyo yote, mwombaji aliketi na Katiba ya 2010, akaisoma mstari kwa mstari, akaukuta mlango ambao haujafungwa. Kifungu cha 14(4) kinasema kwamba mtoto akipatikana Kenya, akiwa ana au anaonekana kuwa na umri wa chini ya miaka 8, na uraia wake na wazazi wake hawajulikani, atachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Haulizwi babu. Hapigwi msasa. Anaokotwa, basi.

Mwombaji anaomba aokotwe.

Maandalizi yamefanywa, Mheshimiwa asiwe na wasiwasi. Mahali ni stejini Matasia, upande wa matatu zinazoelekea Kiserian. Katoni isingemtosha, kwa hivyo amejitengenezea sanduku la saipresi, futi sita kwa mbili na nusu, lenye vishikio pande zote nne. Ameliacha bila kifuniko, lisije likafananishwa na kitu kingine watu wakaanza kuchanga. Amelipiga msasa vizuri. Kazi hiyo sasa anaijua pande zote mbili. Ndani itatandikwa shuka nyekundu ya Kimaasai, maana upepo unaoshuka kutoka vilima vya Ngong alfajiri ya Julai hauchagui raia na asiye raia. Atanyoa ndevu. Ataingia sandukuni saa kumi na moja, kabla makanga hawajaanza kelele zao. Akiguswa atalia kidogo, kwa kiasi, sauti ya mtoto aliyeshiba. Amejaribu nyumbani na watoto wake wakatoroka, lakini anaendelea na mazoezi.

Mwokotaji ameshapatikana. Ni mama wa chapati, mwenye kitambulisho halali ambacho babu yake pia alikuwa nacho, mtu asiye na doa. Kazi yake ni kusimama, kushika kichwa, na kupaza sauti: "Jamani! Nimeokota!" Amekubali kwa sharti moja, kwamba polisi wasimwandikishe taarifa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, wakati wa wateja wa mjengo. Mwenyekiti wa Nyumba Kumi atakuwa anapita kwa bahati. Wanaume wanne watalibeba sanduku hadi kwa chifu, polepole, kwa sababu mtoto ana kilo 81.

Atatokea mwenye kuuliza: mtu mwenye mvi ataonekanaje ana umri wa chini ya miaka 8? Hilo ni dogo. Maafisa ambao miaka yote hii wamemtazama mtu usoni, wakapima pua na urefu, wakajua papo hapo kwamba si Mkenya, hawawezi kushindwa kumtazama uso huo huo wakajua ana miaka 6.

Na hiyo 6 hakuichagua ovyo. Kwa Katiba ya uhuru, aliyezaliwa Kenya baada ya tarehe 11 Desemba 1963 alikuwa raia, iwe wazazi wake ni raia ama si raia. Mwombaji alizaliwa Mkenya. Alikuwa Mkenya akitambaa, akipata surua, akichunga ndama wa jirani. Kisha mwaka 1985 Bunge likarekebisha kifungu hicho na kudai mzazi mmoja awe raia, na marekebisho yakarudishwa nyuma hadi mwaka 1963, kana kwamba mtoto aliyekwisha zaliwa anaweza kuambiwa arudi alikotoka akazaliwe upya vizuri. Alikuwa na miaka 6. Hakuna aliyemwambia. Hajui hata alikuwa akifanya nini siku hiyo. Huenda alikuwa anacheza. Kwa hiyo Mheshimiwa haombwi amtengeneze raia mpya. Anaombwa amwokote yule mtoto mahali alipoangushwa.

Limebaki suala la wazazi, kwa kuwa kifungu kinataka wasijulikane, na mama mzazi wa mwombaji yuko hai, anakaa chumba cha nyuma ya karakana, na anajulikana Matasia nzima kwa ukali wake. Aliombwa siku ya kuokotwa apite kando ya sanduku bila kugeuza shingo. Alikataa. Alisema yeye hawezi kumkana mtoto wake kwa sababu ya kipande cha plastiki, na kwamba wenye aibu ya kukana wanajulikana. Mwombaji hakuwa na jibu. Kwa bahati, Mheshimiwa mwenyewe amekwisha litatua: mama huyo alizaliwa Kericho, amelipa kodi ya sukari na sabuni maisha yake yote, na katika daftari zote za serikali hayupo. Kiserikali hajulikani. Sharti la kifungu limetimia, na shahidi mkuu ni ofisi ya Mheshimiwa.

Yako maombi mengine madogo, yakipatikana ni sawa. Sikukuu ya Jamhuri iwe kila mwezi, maana ndiyo siku serikali hukumbuka watu. Mwombaji atangazwe kuwa kabila jipya, peke yake, na yuko tayari kujiteulia mzee wa ukoo. Ama apewe ruhusa ya kwenda Rwanda akachukue kitambulisho cha huko, kwa sababu tangu Januari 2014 Mnyarwanda huingia Kenya kwa kitambulisho tu. Kasoro ni kwamba Rwanda nao hawamjui, na hawezi kufika huko bila kitambulisho.

Mheshimiwa pia anapongezwa kwa jinsi anavyowatetea Wakenya wakiwa mbali. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipotoa msamaha kwa waliopitwa na viza, kuanzia Septemba hadi Desemba 2024, Kenya iliwahimiza watu wake wajitokeze wasiogope. Kuna akina mama Wakenya waliokwama Saudia na watoto wasio na cheti hata kimoja, na taifa zima linakubali kwamba ni unyama mtoto kukosa karatasi kwa kosa asilolifanya. Marekani, chini ya Reagan, sheria ya mwaka 1986 iliwapa makaratasi watu wapatao milioni 2.7, na Mkenya yeyote mwenye shangazi Texas leo anaomba ije nyingine kama hiyo. Huruma hiyo yote hupanda ndege. Ya kupanda matatu hadi Matasia haijapatikana. Hapa, asiye na kibali cha kuwepo anakabiliwa na faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miaka 3 au vyote viwili, na Aprili 2014, wakati wa msako wa Usalama Watch, watu walisombwa kwa malori na kupelekwa uwanja wa Kasarani, wenye karatasi na wasio nazo, wakachambuliwa kama maharagwe. Kule kaskazini wako maelfu waliozaliwa Wakenya ambao alama zao za vidole zimekwama katika sajili ya wakimbizi kwa sababu njaa iliwafanya wazazi wao waandikishwe wapate posho. Februari 2025 msasa wa ziada wa kaskazini ukafutwa kwa tangazo. Tena tangazo! Hadi lini mtu ataishi akisubiri kiongozi aamke vizuri?

Mwombaji amekunywa maji. Anarudi kwenye adabu.

Anaomba ajibiwe kabla ya mvua za Novemba, kwani sanduku ni la saipresi na halijapakwa vanishi. Zoezi likikubaliwa, Mheshimiwa amealikwa binafsi kuhudhuria. Chapati zipo, za maharagwe na kavu, na kiti kitatolewa karakanani. Endapo litakataliwa, sababu iandikwe kwenye karatasi yenye muhuri na jina kamili la mwombaji. Itakuwa hati ya kwanza ya serikali kukiri kwamba yupo, na ameshaitengenezea fremu.

Barua hii imeletwa kwa mkono na jirani yake. Mwenyewe aliifikisha hadi getini, akaambiwa mgeni haingii mpaka aache kitambulisho.